Nitaipimaje shule ndogo ya kati ya umma kabla ya kumwandikisha mwanangu?

MzaziMakini anauliza:

Wazazi na walimu, salaam. Mwanangu anamaliza elimu ya msingi mwaka huu na anatakiwa kuingia shule ya kati, ile miaka mitatu ambayo mtoto huianza akiwa na umri wa miaka 11 hivi na kuimaliza akiwa kijana wa miaka 14. Shule iliyo karibu nasi ni ya umma, ipo katikati ya mji, na ni ndogo: ina wanafunzi wapatao 150, yaani takriban 50 kwa kila darasa, nao wamegawanywa katika mikondo miwili.

Kinachonitatiza ni sifa zake. Mwaka juzi matokeo yake katika mtihani wa pamoja yalikuwa juu ya wastani wa mji mzima, watu wakaanza kuisifu kila walipokutana. Mwaka jana yalishuka kwa kiasi kikubwa, na walewale waliokuwa wakiisifu sasa wanaulizana kulikoni. Mkuu wa shule hajabadilika, na kwa kadiri ninavyojua walimu ni walewale. Upande wa pili ipo shule kubwa, ya umma pia, iliyo mbali kidogo, yenye wanafunzi zaidi ya 900, maabara za kutosha, bendi na timu za kila mchezo, na matokeo yake ni yaleyale mwaka nenda mwaka rudi: si mabaya, si ya kutisha kwa uzuri.

Mwanangu ni mkimya, anapenda hisabati, na akiwa katika umati hujificha hadi asahaulike. Moyo wangu unaelekea kwenye shule ndogo, lakini sitaki kuamua kwa moyo pekee. Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, matokeo yanayoyumba hivi yasomwe vipi? Nikienda kuitembelea shule, niangalie nini ambacho hakiandikwi kwenye tovuti yake? Na je, udogo wenyewe una faida yoyote kwa mtoto wa umri huu, au ni jambo tunalolipenda tu kwa sababu linatufariji sisi wazazi?

---

TakwimuKwanza anajibu:

Mzazi mwenzangu, kabla hujamtafuta mchawi wa kushuka huko, hesabu kwanza watahiniwa. Katika darasa la watahiniwa 50, kila mwanafunzi mmoja ni asilimia 2 ya ufaulu wa shule nzima. Wakitokea watano wa kukwama, tuseme wawili waliougua wakati wa mtihani, mmoja aliyehamia muhula wa mwisho na wawili waliokosa alama moja moja tu, ufaulu wa shule unashuka kwa pointi 10, na mji mzima unasikia. Katika darasa la watahiniwa 300 wa ile shule kubwa, watano haohao hawafikishi hata pointi 2, na hakuna atakayewaona.

Hata ukitumia wastani wa alama badala ya kiwango cha ufaulu, hali ni ileile. Chukulia kwamba alama za wanafunzi hutawanyika kwa kiasi cha 15 juu na chini ya wastani, jambo la kawaida katika mtihani wa alama 100. Kwa kundi la watoto 50, bahati ya nani kaingia mwaka gani inatosha peke yake kuyumbisha wastani wa shule kwa alama 2 hivi. Kwa kundi la 300 ni chini ya alama 1. Tena unapolinganisha mwaka mmoja na mwingine, miyumbo ya miaka yote miwili inaingia pamoja, kwa hiyo tofauti ya alama 3 katika shule ndogo yaweza kutokea bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote, na ya alama 5 au 6 isikushangaze.

Jambo hili limeandikwa na wataalamu kwa muda mrefu. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha mwaka 2002 kwa takwimu za shule za North Carolina nchini Marekani: shule ndogo ndizo zilizoonekana kupanda sana na ndizo zilizoonekana kushuka sana. Mwaka 2007 mwanatakwimu Howard Wainer aliandika kuhusu shule za Pennsylvania, akaonyesha kwamba shule ndogo ni nyingi kupita kiasi kwenye kilele cha orodha, nazo ni nyingi kupita kiasi vilevile chini kabisa ya orodha. Wale waliotazama kilele peke yake walihitimisha kwamba udogo huleta ufaulu. Wangetazama na mkiani, wangenyamaza. Kwa hiyo sifa za mwaka juzi hazikuwa na msingi mkubwa kuliko lawama za mwaka jana.

Ufanye nini basi? Kwanza, omba matokeo ya miaka mitano, uyaunganishe kuwa rundo moja. Watahiniwa 250 wanaanza kusema jambo la kuaminika. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, usiulize wanafunzi wanamaliza wakiwa na alama ngapi, uliza waliingia wakiwa na ngapi. Alama za mwisho hueleza zaidi hali ya nyumba ambazo watoto wanatoka kuliko kazi ya walimu. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua alama za wilaya za elimu zaidi ya 11,000 za Marekani, akakuta kwamba mahali watoto walipo wakiwa darasa la tatu hakutabiri kwa kiasi cha maana kasi watakayojifunza nayo baada ya hapo. Mfano wake uliojulikana sana ni Chicago: watoto wa shule za umma za mji ule walianza chini ya wastani wa taifa, lakini kati ya darasa la tatu na la nane, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, walipiga hatua zinazolingana na miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano. Mtu aliyetazama alama zao za darasa la tatu peke yake angezikimbia shule hizo.

Ukipewa takwimu za maendeleo, uliza swali moja la nyongeza: katika watoto 50 walioingia darasa la kwanza la shule hii, wangapi walifika mtihani wa mwisho? Shule inayowaondoa wanyonge kimyakimya, kwa kuwashauri wazazi wao wahamie kwingine, itaonekana inawakuza watoto, kumbe inawachuja.

Mwisho, mahudhurio. Usiridhike na wastani. Wastani wa mahudhurio wa asilimia 94 unapendeza masikioni, lakini katika watoto 50 unaweza kuupata kwa 40 wanaohudhuria asilimia 98 ya siku na 10 wanaohudhuria asilimia 78 tu, yaani mtoto mmoja katika kila watano anapoteza zaidi ya siku moja kila wiki. Marekani hutumia kipimo bora kuliko wastani: huhesabu wanafunzi waliokosa asilimia 10 ya siku za masomo au zaidi, kwa sababu yoyote ile. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18. Shule ndogo inayojua majina ya watoto wake hao, na sababu ya kila mmoja, hiyo mimi ningeisikiliza.

---

MwalimuWaHisabati anajibu:

Ndugu TakwimuKwanza ameshamaliza habari ya namba, nami nitajibu swali la pili. Nimefundisha umri huu katika shule ndogo na katika shule kubwa, na maoni yangu ni kwamba shule huonekana vizuri zaidi kwenye daftari la mwanafunzi kuliko mahali pengine popote.

Omba kuona madaftari ya hisabati ya wanafunzi watatu, lakini usikubali kuchaguliwa. Taja namba za kwenye orodha ya mahudhurio, labda ya 7, ya 16 na ya 22, ili usiletewe yale matatu yaliyofunikwa vizuri. Fungua ukurasa wa wiki tatu zilizopita. Pengine utaona mstari mrefu wa alama za vema na za kosa, tarehe ya kusahihisha ikiwa nyuma ya kazi kwa wiki mbili, na mtoto ameshaendelea na mada nyingine bila kugusa alichokosea. Pengine utaona kitu tofauti: mtoto amegawanya sehemu kwa sehemu, akageuza ile ya kwanza badala ya ya pili, mwalimu hakuweka alama ya kosa bali ameandika pembeni, "Kwa nini umegeuza hii?", na chini yake, kwa wino mwingine, mtoto amejibu kwa sentensi moja kisha akafanya swali upya. Ukurasa wa namna hiyo ukiupata katika daftari la mtoto wa katikati, si la kinara wa darasa, umeshajua mengi.

Halafu omba ratiba. Katika shule ndogo ratiba ni waraka wa siri usiofichwa na mtu yeyote, kwa sababu wazazi hawaombi kuiona. Fanya hesabu rahisi: mikondo miwili mara madarasa matatu ni makundi sita, kila kundi likiwa na vipindi vitano vya hisabati kwa wiki, jumla ni vipindi 30. Huo ni mzigo kamili wa mwalimu mmoja, au zaidi ya mzigo. Maana yake ni kwamba hisabati ya shule nzima huenda imekalia mabega ya mtu mmoja, au ya mmoja na nusu, ile nusu ikiwa ni mwalimu wa somo jingine anayejaziwa vipindi. Tafuta majina yanayojirudia. Jina moja likionekana kwenye sayansi, kwenye muziki na kwenye michezo, uliza kwa upole mwalimu huyo alisomea nini. Hii si aibu ya mwalimu, ni hesabu tu ya shule yenye watoto wachache, lakini mtoto wako ndiye atakayekaa katika kipindi hicho.

Kutokana na hilo linafuata swali ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko yote kwa shule ndogo: mara ya mwisho mwalimu wa somo kuu alipoondoka, au alipougua kwa muda mrefu, nini kilitokea? Sikiliza kama jibu lina mambo mahususi: nani alishika vipindi, mpango wa masomo ulikuwa umeandikwa wapi, ilichukua muda gani kumpata mwingine. Katika shule ya wanafunzi 900 mwalimu akiondoka wenzake saba wa somo hilo wanajigawia makundi yake. Katika shule ya 150 anaweza kuondoka na somo zima.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Mwanao huenda akafundishwa hisabati na mtu yuleyule kwa miaka mitatu. Akiwa mzuri, ni neema, kwa sababu kila mwaka unaanza bila kupoteza wiki za kufahamiana. Wasipoelewana, ni kifungo cha miaka mitatu, na kumhamishia mkondo wa pili hakusaidii, kwa kuwa mwalimu ni yuleyule. Kwa hiyo omba kukaa katika kipindi cha mwalimu huyo hasa, si cha mwalimu ambaye shule huwaonyesha wageni.

Kwa mtoto anayependa hisabati, uliza pia watoto walio tayari kuanza aljebra mapema wanafanywa nini. Shule kubwa inaweza kuunda kundi la watoto 25 wa namna hiyo. Shule ndogo itakuwa na sita, na watoto sita hawaundi darasa. Jibu zuri lipo: kazi za ziada zenye kina ndani ya darasa lilelile, au saa maalumu mara mbili kwa wiki. Jibu la "tunawahudumia wote kwa usawa" halijibu kitu.

Jambo la mwisho si la darasani. Wakati wa mapumziko simama karibu na vyoo. Watoto wa umri huu wakionewa, huonewa pasipo na mtu mzima, na chooni ndiko pa kwanza. Shule ambayo watoto hujizuia mchana kutwa wasiende huko ina tatizo ambalo halitaandikwa katika ripoti yoyote. Ukipata nafasi ya kuongea na wanafunzi wawili watatu, usiwaulize kama wanaipenda shule, watasema ndiyo. Waulize ni sehemu gani ya shule hawapendi kupita. Watakuonyesha kwa kidole.

---

MzaziMakini anaongeza:

Nawashukuru sana. Nimeshafika shuleni mara moja, lakini ziara iliongozwa na mkuu wa shule mwenyewe na niliona darasa moja tu, zuri kweli, lenye watoto 24. Mkuu alirudia mara kadhaa kwamba "hapa kila mtoto anajulikana". Nilifurahi, ila nimerudi nyumbani nikijiuliza kama huo ni ukweli unaoweza kupimwa au ni kauli ya kuwapokelea wageni. Bado swali langu la tatu halijapata mtu.

---

MkaguziMstaafu anajibu:

Mzazi, swali lako la tatu ndilo gumu, nami nitalijibu kwa tahadhari, kwa kuwa miaka yangu ya ukaguzi ilinifundisha kutoamini udogo wala ukubwa.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: shule ndogo na darasa dogo. Shule ya watoto 150 inaweza kuwa na darasa la watoto 40 ikiwa walimu ni wachache. Tena utafiti mashuhuri kuhusu darasa dogo, ule wa jimbo la Tennessee, Marekani, wa mwaka 1985 hadi 1989, ulilinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na yale ya 22 hadi 25, na ulihusu watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Faida ilionekana wazi, lakini kuihamishia kwa kijana wa miaka 12 ni kuupa utafiti kazi ambayo haukuifanya. Watoto 24 uliowaona ni idadi nzuri kwa mwalimu kufanya kazi, lakini usiinunue shule kwa idadi hiyo.

Kuhusu udogo wa shule yenyewe, ushahidi umegawanyika, na mgawanyiko huo una funzo ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wakfu wa Gates ulitoa fedha nyingi kuanzisha shule ndogo za sekondari nchini Marekani au kuzigawa zile kubwa, na katika barua yake ya mwaka 2009 Bill Gates mwenyewe aliandika kwamba nyingi kati ya hizo hazikuinua viwango vya wanafunzi kwa namna ya maana. Wakati huohuo mji wa New York ulifungua zaidi ya shule ndogo 200 kati ya mwaka 2002 na 2008. Kwa kuwa nyingi zilikuwa na waombaji kuliko nafasi, wanafunzi waliingizwa kwa bahati nasibu, jambo lililowapa watafiti ulinganisho wa haki. Taasisi ya utafiti ya MDRC ilikuta kwamba waliopata nafasi walihitimu zaidi ya waliokosa, kwa tofauti ya pointi kati ya 7 na 10 kutegemea ripoti. Hizo zilikuwa sekondari za juu, si shule za kati, lakini hoja inafaa: zile za New York hazikuwa ndogo tu. Zililazimika kuandika mpango wa masomo kabla ya kuruhusiwa kufunguliwa, na kila mwanafunzi alipewa mtu mzima wa kumfuatilia. Udogo ulirahisisha kazi, haukuifanya.

Kwa umri wa mwanao kuna sababu ya pekee ya kulitilia maanani jambo la kujulikana. Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake walieleza mwaka 1993 mgongano uliopo: katika umri uleule ambao mtoto anaanza kutaka uhuru zaidi na mtu mzima wa kumtegemea nje ya nyumbani, shule ya kati humpa amri zaidi, walimu wengi wanaomwona kwa dakika 40 kisha basi, na mashindano ya alama. Tafiti za baadaye za New York (Rockoff na Lockwood, 2010) na Florida (Schwerdt na West, 2013) zilionyesha kwamba watoto wanaohamia shule ya kati hushuka kimasomo mwaka wa kuhama, wakilinganishwa na wenzao wanaobaki katika shule moja hadi darasa la nane. Mtoto mkimya kama wako ndiye anayeweza kushuka bila mtu kugundua.

Sasa, "kila mtoto anajulikana" inapimika. Mwombe mkuu wa shule akuitie walimu wawili, uwape kila mmoja orodha ya wanafunzi wa darasa moja, bila picha, wakiwa mbali mbali, kisha waombe wakueleze kuhusu watoto watano uliowachagua wewe, waliomo katikati ya orodha: anapata shida wapi, rafiki yake ni nani, mzazi wake alizungumza na shule lini. Hawatakupa siri za watoto, wala hawapaswi, na ukiona wanazitoa ovyo hilo nalo ni jibu. Lakini utaona kama wanasita kwa sababu ya adabu au kwa sababu hawajui. Vinara na watundu hujulikana katika kila shule duniani. Watoto wa katikati ndio kipimo.

Na usiiache shule kubwa bila kuihoji. Ripoti ya baraza la Carnegie la Marekani ya mwaka 1989 kuhusu elimu ya vijana wa umri huu ilipendekeza shule kubwa zigawanywe katika jumuiya ndogo, zenye walimu wachache wanaowafundisha kwa pamoja wanafunzi walewale. Ikiwa ile shule ya wanafunzi 900 imefanya hivyo kwa kweli, watoto 100 wakiwa na walimu wao wanne wanaokutana kila wiki kuwajadili, basi mwanao anaweza kujulikana huko kuliko katika shule ya watoto 150 ambayo walimu wake hawakutani kamwe. Ikiwa jumuiya hizo ni majina tu na rangi za fulana za siku ya michezo, utaligundua mara tu utakapouliza walimu hao wanakutana siku gani.

---

MamaWatatu anajibu:

Mzee wetu mkaguzi amesema vema, ila naomba niingize jambo ambalo wasomi hulipita haraka: marafiki. Watoto 50 wa rika moja, nusu wavulana na nusu wasichana, ni uwanja mdogo sana kwa mtu wa miaka 12. Wangu wawili wamepitia shule ya namna hiyo. Mmoja alistawi, kwa sababu hakuwa na pa kujificha na hatimaye akazoea kuongea. Wa pili aligombana na kundi moja la wasichana, na kwa kuwa makundi yalikuwa mawili tu, aliyetoka huku hakuwa na pa kwenda ila kule. Katika shule kubwa angetafuta wengine, mambo yakaisha. Kwa hiyo uliza shule ina utaratibu gani watoto wanapogombana kwa muda mrefu: nani huwapatanisha, na je, mikondo huchanganywa upya kila mwaka au mtoto anakaa na haohao hadi mwisho?

Saa ya kuanza masomo pia si jambo dogo. Miili ya watoto wa umri wa kubalehe huchelewa kupata usingizi usiku, si uvivu wala simu peke yake, ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za kati na sekondari zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Shule iliyo karibu, hata ikiwa na kasoro mbili tatu, inaweza kumpa mtoto saa nzima ya usingizi ambayo ile ya mbali itamnyang'anya kila siku. Mimi ningeipa saa hiyo uzito kuliko bendi.

Na ikiwa mtoto ana hitaji lolote maalumu, hata dogo, la kusoma, la kusikia au la kutulia, uliza mtaalamu anayehusika yupo shuleni siku ngapi kwa wiki. Shule ndogo mara nyingi hugawana mtaalamu mmoja na shule nyingine mbili.

---

MwalimuWaHisabati anajibu:

Namuunga mkono MamaWatatu kuhusu marafiki. Kuhusu jaribio la Mzee Mkaguzi la kuwaita walimu wawili na kuwapa orodha, mimi kama mwalimu ningeona nimewekwa kizimbani, na huenda nikajibu vibaya kwa sababu hiyo tu, licha ya kwamba watoto wanaozungumziwa wana wazazi wao ambao hawajaulizwa. Kuna njia ya upole zaidi. Muulize mwalimu wa darasa akusimulie, bila jina, kuhusu mwanafunzi mkimya wa mwaka jana na kile shule ilichomfanyia. Mwalimu anayewaona watoto wakimya atakuwa na kisa tayari, chenye mambo madogo madogo ya kweli. Asiyewaona atakuambia kwamba wakimya hawana matatizo.

---

MkaguziMstaafu anajibu:

Nakubali, Mwalimu, njia yako ni bora, nami naiondoa ya kwangu. Nimalizie na jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, nalo linazihusu sana shule ndogo za mijini: je, shule hii itakuwapo miaka mitatu ijayo? Katika miji mingi watoto wa katikati ya mji hupungua, familia zinahamia pembezoni, na mamlaka huanza kuziunganisha au kuzifunga shule zenye wanafunzi wachache kwa sababu ya gharama. Chicago ilifunga shule za umma zipatazo 50 kwa mkupuo mwaka 2013, kwa hoja hiyo ya uchache wa wanafunzi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuta kwamba masomo ya watoto yaliathirika tangu ule mwaka wa tangazo, kabla hata milango haijafungwa.

Kwa hiyo, Mzazi, usiulize shule ina wanafunzi wangapi leo, uliza ilikuwa na wangapi kila mwaka kwa miaka sita iliyopita, na darasa la kwanza peke yake lilikuwa na wangapi, kwa kuwa darasa hilo ndilo linaloonyesha kesho ya shule. Likiwa limebaki karibu na 50 muda wote, usiwe na wasiwasi. Likiwa limeshuka kutoka 80 hadi 65 hadi 50, mwulize mkuu wa shule waziwazi ofisi ya elimu imemwambia nini, kisha waulize na ofisi ya elimu yenyewe, maana mara nyingine mkuu wa shule ndiye wa mwisho kuambiwa.